Udongo wa mlima unaenda wapi? Safari ya kaboni kutoka Makobola mpaka baharini



Kila masika tunaona jambo moja. Mvua kubwa inanyesha usiku kule ku milima, na asubuhi mito inashuka myekundu kama maji ya kufyatulia matofali. Pale mto unapoingia ziwani kunakuwa mstari: upande huu matope, upande ule maji ya buluu. Siku mbili tatu zikipita, mstari unapotea na watu wanasahau.

Wengi wenu mumeuliza ku mikutano: ile udongo inaenda wapi? Na wengine, waliosikia habari za mabadiliko ya hali ya hewa ku redio, wanauliza: kaboni wanayosema kila siku inahusu nini mkulima wa mihogo wa Makobola? Maswali haya mawili yana jibu moja. Tufuate udongo hatua kwa hatua, kuanzia shamba mpaka bahari ya Atlantiki.

Kaboni ni kitu gani?

Kaboni munaijua tayari. Makala tunayopikia ni kaboni karibu yote. Jani, mti, mahindi, samaki, mwili wa mtu, vyote vimejengwa kwa kaboni. Hewani kaboni iko pia, ikiungana na oksijeni: ndiyo gazi ile tunayotoa tunapopumua, na inayotoka ku moto na ku motere ya gari.

Jani linakamata gazi hiyo na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Mmea ukifa, unaoza. Sehemu kubwa ya kaboni yake inarudi hewani, na sehemu inabaki ndani ya udongo. Ile rangi nyeusi ya udongo mzuri, ambayo wazee wanaitambua kwa mkono tu, ni kaboni hiyo iliyobaki. Duniani kote, udongo umebeba kaboni nyingi kuliko hewa na mimea yote pamoja.

Shida ni kwamba watu wanachoma petroli, makaa ya mawe na gazi, na kwa njia hiyo wanatuma hewani karibu tani bilioni 10 za kaboni kila mwaka. Gazi hiyo inashika joto la jua kama blanketi. Lakini si yote inayobaki hewani: karibu robo moja inamezwa na bahari, na sehemu nyingine inachukuliwa na misitu na udongo. Kwa hiyo wataalamu wanataka kujua vizuri kaboni inapita wapi kati ya nchi kavu, mito, bahari na hewa. Mzunguko huo mito iko katikati yake.

Hesabu ya milimita moja

Tuanzie shambani. Chukua hekta moja ku mlima. Mvua za msimu zinaondoa udongo wa unene wa milimita moja tu, ambayo jicho haliwezi kuona. Milimita moja juu ya hekta moja ni meta kyubu 10, yaani karibu tani 12 za udongo.

Kama udongo ule uko na kaboni asilimia 2, basi kilo 240 za kaboni zimeondoka. Na kaboni haitembei peke yake. Ndani ya mbolea ya asili ya udongo, kwa kila kilo 12 hivi za kaboni kuna kilo 1 ya azoti, ile inayofanya majani yawe kijani. Kwa hiyo umepoteza pia karibu kilo 20 za azoti. Ukitaka kuzirudisha kwa kununua urea, unahitaji kilo 43, karibu mfuko mmoja wa kilo 50.

Ni kweli kwamba azoti ile yote haingetumika kwa msimu mmoja; mmea unaitumia polepole kwa miaka. Lakini ni akiba yako. Fikiria mtu anayeingia nyumbani kwako kila mwaka na kuchukua mfuko mmoja wa urea bila kelele. Ndivyo mvua inavyofanya ku shamba lisilofunikwa.

Mto unabeba, lakini pia unapumua

Zamani walimu walichora mto kama bomba: kinachoingia juu kinatoka chini. Siyo hivyo. Mto ni kama kiumbe kinachokula njiani.

Kaboni inasafiri ndani ya mto kwa namna tatu. Ya kwanza ni vipande: chembe za udongo, majani, matawi. Ya pili imeyeyuka, kama rangi ya chai ndani ya maji. Mito inayotoka ku misitu yenye maji, kule Equateur na Mai-Ndombe, ni myeusi juu ya hiyo. Ya tatu inatoka ku mawe: mvua yenye gazi ya hewa inakula mawe polepole na kubeba chumvi zake.

Njiani, vijidudu vidogo sana vinakula majani na udongo mweusi, na gazi inarudi hewani. Sehemu nyingine inazama ku mabonde, ku mabwawa na ku maziwa. Kinachofika baharini ni mabaki ya safari. Hata hivyo mabaki hayo ni mengi: mito yote ya dunia inaingiza baharini karibu tani bilioni 1 ya kaboni kila mwaka, ukihesabu namna zote tatu.

Ziwa Tanganyika: ghala letu lenye kina

Kwetu sisi, safari ya vipande vya udongo mara nyingi inaishia karibu. Mito ya Mitumba ni mifupi na inashuka kwa nguvu. Inatoka juu, inapita mashamba, inavuka barabara ya Uvira-Baraka, na mara moja iko ndani ya ziwa.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita karibu 670 na kina cha meta 1.470. Ndilo la pili kwa kina duniani, nyuma ya ziwa Baikal la Urusi. Matope mazito yanaanguka karibu na mlango wa mto, na yale laini yanateremka mbali zaidi mpaka chini. Kwa mamilioni ya miaka yamerundikana kule kwa unene wa kilomita kadhaa.

Kule chini kuna jambo la ajabu. Huku kaskazini, ukipita kina cha meta 100 hivi, oksijeni inakwisha. Upande wa kusini wa ziwa inashuka zaidi, mpaka karibu meta 200. Bila oksijeni, kuoza kunaenda polepole sana, kama vile majani yaliyozikwa ndani ya tope la bwawa. Kwa hiyo sehemu ya kaboni inayofika kule chini inafungwa kwa muda mrefu sana. Ziwa ni ghala.

Lakini ghala hilo limefunga pia chakula cha samaki. Mbolea iliyoshuka chini inarudi juu wakati upepo wa kusini wa kiangazi unasukuma maji ya juu na kuruhusu ya chini kupanda. Pale inapopanda, vijimea vidogo vya majini vinaongezeka, ndagala wanakula, na mikeke wanafuata ndagala. Watafiti walionyesha mwaka 2003 kwamba joto la maji ya juu limeongezeka, na maji ya joto ni mepesi, hayataki kuchanganyika na yale ya baridi ya chini. Matokeo yake chakula kinachopanda kimepungua. Gazi inayotoka mbali, ku viwanda na magari ya nchi kubwa, imeshagusa wavu wa mvuvi wa hapa kwetu.

Mtu anaweza kusema: basi udongo wa mlima utalisha samaki badala yake! Hapana. Matope yanapofika ufukoni yanafunika mawe ambako samaki wengi wadogo wanaishi, wanakula na kutaga mayai, na yanazuia mwanga kuingia majini. Utafiti uliofanywa kaskazini ya ziwa tangu miaka ya 1990 ulionyesha kwamba mbele ya milima iliyokatwa miti, aina za viumbe ku mawe ya ufukoni ni chache kuliko mbele ya milima yenye misitu.

Kutoka Kalemie mpaka Banana

Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea: mto Lukuga, pale Kalemie. Maji mengi ya ziwa yanaondoka kwa kukaushwa na jua. Ni sehemu ndogo tu inayotoka kwa Lukuga. Katika miaka ya 1870 mlango ule ulikuwa umezibwa na matope na majani, ziwa likapanda sana, mpaka maji yakabomoa kizuizi na kushuka tena. Lakini tusichanganye mambo: kupanda kwa ziwa tulikokuona mwaka 2020, 2021 na 2024, nyumba za Uvira, Baraka na Kalemie zikiingiwa na maji, sababu yake kubwa ilikuwa mvua nyingi za miaka ile.

Lukuga inaingia Lualaba upande wa Kabalo. Kutoka pale maji yanapita Kongolo, Kindu, Ubundu, yanashuka maporomoko ya Wagenia, yanafika Kisangani, na yanakuwa mto Kongo. Mbele yanapita Mbandaka, Kinshasa, Matadi na Boma, na mwisho Banana, karibu na Muanda. Kongo inamwaga baharini karibu meta kyubu 40.000 za maji kila sekunde. Hakuna mto mwingine unaoipita isipokuwa Amazon ya Amerika ya Kusini.

Mlango wa Kongo hauna mfano wake mwingi. Mito mingi mikubwa inajenga delta, yaani uwanja wa matope mbele ya bahari. Kongo haina delta ya namna hiyo, juu kuna korongo kubwa chini ya maji linaloanzia ndani ya mlango wenyewe, karibu kilomita 30 kabla ya kufika bahari. Korongo hilo linashuka zaidi ya kilomita 1.000 mpaka chini kabisa ya Atlantiki.

Mwezi wa 12 mwaka 2019 Kongo ilifurika sana. Wiki chache baadaye, katikati ya mwezi wa 1 mwaka 2020, matope yaliyokuwa yamerundikana ndani ya korongo yaliporomoka. Yalikimbia chini ya bahari zaidi ya kilomita 1.100 kwa siku mbili hivi, yakizidisha mbio njiani, na yakakata nyaya za intaneti zinazounganisha Afrika ya Magharibi na ya Kusini. Watu wa nchi nyingi waliona intaneti inakuwa nzito bila kujua kwamba ni matope ya Kongo. Wataalamu walihesabu kwamba poromoko hilo lilibeba matope na mchanga kwa wingi sana. Ndani yake kulikuwa majani na udongo wa bara, kaboni ya mamilioni ya tani, iliyozikwa kilomita karibu 5 chini ya maji. Kule haitarudi hewani karibuni.

Pale mto unapokutana na bahari

Sehemu ya bahari iliyo karibu na nchi kavu ni nyembamba, chini ya asilimia 10 ya bahari yote. Lakini sehemu kubwa sana ya kaboni inayozikwa ndani ya matope ya bahari, wengine wanahesabu zaidi ya asilimia 80, inazikwa pale, mbele ya mito. Sababu ni mbili: mito inaleta matope mengi yanayofunika haraka, na mbolea yake inalisha vijimea vya bahari.

Vijimea hivyo vinakamata gazi ya hewa kama vile mihogo yetu inavyofanya. Mbele ya Amazon, maji ya mto yanaenea juu ya bahari kwa mamia ya kilomita, na pale vijimea vinavuta kaboni kutoka hewani. Wakati huohuo, ndani ya mto wenyewe, vijidudu vinaoza majani na kutoa gazi. Kwa hiyo karibu na mlango wa mto bahari inaweza kutoa gazi, na mbele kidogo inaivuta. Ukipima mahali pamoja tu, utadanganyika.

Ku pwani ya Afrika Mashariki tunaona sura mbili za jambo hili. Kule Tanzania, mto Rufiji umejenga delta yenye msitu mkubwa wa mikoko, na mizizi ya mikoko inashika matope pamoja na kaboni yake. Kule Kenya, mto Sabaki unaleta udongo mwekundu kutoka mashamba ya bara, na karibu na Malindi matope hayo yanasumbua matumbawe, ambayo ni nyumba za samaki. Nchi yetu pia ina mikoko yake pale Muanda, ndani ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1992.

"Basi tuache udongo uende ukazikwe?"

Hili ni swali la mtu mwenye akili. Kama kaboni inayozama inafungwa, si vizuri kwa hewa? Kuna wataalamu wanaobishana juu ya hesabu hiyo. Mimi kama agronomi ninajibu kwa mambo matatu.

Kwanza, si kaboni yote inayofika chini. Udongo unapovunjwa na mvua na kuvingirishwa ndani ya mto, sehemu yake inaoza njiani na kurudi hewani. Pili, shamba lililopoteza udongo mweusi linaotesha kidogo. Mimea michache maana yake kaboni kidogo inayokamatwa mwaka ujao, na chakula kidogo ku sahani. Tatu, maji yasiyoingia ndani ya udongo yanakimbia yote mara moja. Mwezi wa 4 mwaka 2020 Mulongwe na mito mingine ya Uvira ilishuka na mawe na miti, ikaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Mlima uliovaa majani hauzuii kila mafuriko, lakini unapunguza nguvu yake.

Kaboni iliyobaki shambani inafanya kazi kwa mkulima. Ile iliyoko chini ya ziwa imelala tu.

Tufanye nini ku shamba?

1. *Tulime kwa kukata mlima, si kwa kushuka.* Matuta yanayoshuka yanakuwa mifereji ya kupeleka udongo. Kwa kupata mstari wa usawa, tengeneza chombo cha herufi A: vijiti viwili vya meta 2 vilivyofungwa juu, kimoja cha kulala katikati, na kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka juu. Simamisha, weka alama pale kamba inapogusa kijiti cha kulala. Geuza miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo pa usawa. Kisha tembea nacho shambani na kupanda vijiti vya alama.

2. *Ku mistari hiyo tupande tripsakumu, setaria au kaliandra.* Mlima mkali, mistari iwe karibu, meta 5 mpaka 7. Mlima mpole, meta 10 mpaka 15. Udongo unasimama nyuma ya majani, na baada ya miaka kadhaa ngazi zinajitengeneza zenyewe. Majani ni chakula cha mbuzi na ng'ombe, na samadi inarudi shambani.

3. *Mihogo isibaki peke yake.* Miezi mitatu ya kwanza majani yake hayajafunika chini, na mvua inapiga udongo uchi. Weka maharagwe au karanga katikati. Wa mama wengi wanafanya hivi tayari, tuwafuate.

4. *Tusichome mabaki.* Moto unarudisha hewani kwa saa moja kaboni iliyokusanywa mwaka mzima. Laza mabaki ku mistari au uyaweke ku mbolea. Lakini miti ya mihogo yenye ugonjwa wa mosaike isitumike tena kama mbegu.

5. *Kando ya mto tuache meta 10 bila kulima.* Mianzi, matete na miti ishike ukingo. Hapa koperativi inafaa kukubaliana pamoja na chifu, juu mtu mmoja akiacha na jirani akilima, kazi ni bure.

Neno juu ya mapesa ya kaboni

Munaweza kutembelewa na watu wanaoahidi mapesa ya kaboni kwa miti munayopanda. Kuna miradi ya kweli, na kuna maneno matupu. Mujue kipimo: kinachouzwa ni tani ya gazi, si tani ya kaboni. Tani 1 ya kaboni ni sawa na tani 3,67 za gazi. Zile kilo 240 zetu ni karibu kilo 880 za gazi, chini ya tani moja. Kwa hekta moja si utajiri.

Kabla ya kutia sahihi, koperativi iulize: Nani atapima, na kwa njia gani? Mkataba ni wa miaka mingapi? Ku kila dola inayolipwa, ngapi inafika kwa mkulima? Moto ukipita au mtu akikata, nani anabeba hasara? Je, bado tunaweza kukata kuni na kulima katikati? Na mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya wanachama wote, si kwa Kifaransa mbele ya watu watatu.

Faida ya kwanza ya kushika udongo haihitaji mnunuzi. Ni mihogo minene, ni mto usioleta mawe, ni ufuko wenye samaki. Ku mkutano ujao kila kikundi kije na chombo chake cha A, tukipime pamoja kabla ya mvua za mwezi wa 9 kuanza.